Massey Ferguson 135 inasumbua? Soma dalili kwanza, usikimbilie kuvunja injini

Ndugu zangu wenye trekta za zamani, kila tukikaribia msimu wa kulima stori ni ile ile. Mtu anavuta trekta kwa mnyororo mpaka kwa fundi anasema injini imekufa, inavunjwa, pistoni zinatolewa, hela inaisha, afu baadae unakuta shida ilikuwa mpira wa dizeli umepasuka unavuta upepo. Huku Karatu, mkoa wa Arusha, nimeliona hili mara nyingi sana na linaniuma, maana trekta ikilala wiki mbili mvua zikiwa zimeanza ni familia nzima imekosa msimu.

Naongelea Massey Ferguson 135 kwa sababu ndo nayoijua, nimeifungua na kuifunga mwenyewe hapa nyumbani. Ilianza kutengenezwa 1964, injini yake ni Perkins AD3.152, silinda 3, lita 2.5, dizeli. Wenye 240 pia mnaweza kufuata maana injini ni hiyo hiyo. Ni injini ngumu kweli kweli, inavumilia mengi, ila vitu viwili haivumilii: vumbi na dizeli chafu.

Nimepanga kwa dalili. Kwenye kila dalili naanza na sababu inayotokea mara nyingi ambayo pia ndo rahisi kuangalia, nashuka mpaka zile za mbali. Fuata huo mpangilio, usiruke.

Kitu kimoja kabla hujashika spana: nati za hii trekta nyingi ni za inchi. Spana ya 19 inaingia vizuri kwenye 3/4, lakini 13 kwenye 1/2 inacheza, na ukivuta kwa nguvu inakula kona za nati, na 14 kwenye 9/16 haiingii kabisa. Tafuta seti ya inchi hata ya mtumba. Na osha injini kabla ya kufungua chochote, hasa sehemu ya dizeli, maana punje moja ya mchanga ikiingia kwenye injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye silinda, umeshaharibu kitu cha bei mbaya.

Selfu inazungusha vizuri ila haiwaki, na eksozi haitoi moshi kabisa

Angalia eksozi wakati mwenzako anapiga selfu. Kama hakuna moshi hata kidogo maana yake dizeli haifiki kwenye silinda, kwa hiyo usiguse pistoni, usiguse valvu, shida iko njiani.

Kwanza kabisa angalia waya wa kuzimia. Kile kitufe unachovuta kuzima injini, waya wake unashika kutu unabaki umevutwa hata ukirudisha kitufe. Nenda kwenye pampu yenyewe, ona kama kile kikono kimerudi mpaka mwisho, kama hakijarudi kisukume kwa kidole. Nimeshaenda Rhotia kwa pikipiki na mfuko mzima wa vifaa, nikakisukuma tu hicho kikono na trekta ikawaka, mwenye trekta alikuwa ameshauza mbuzi wawili kwa ajili ya fundi.

Pili ni tenki. Koki iko wazi? Dizeli ipo? Watu wanapima kwa macho, tumbukiza kijiti.

Tatu ni upepo kwenye njia, na hii ndo sababu kubwa kuliko zote kama uliishiwa dizeli au umebadilisha chujio. Kutoa upepo kunaendaje: fungua koki ya tenki, legeza skrubu ya juu ya kikombe cha chujio, afu pampu kwa kile kikono kidogo cha fidi pampu, ile ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki. Itatoka povu kwanza, nyeupe kama ya sabuni, endelea mpaka itoke dizeli tupu isiyo na hata povu moja, kaza wakati bado inatoka. Kama kikono cha fidi pampu hakina nguvu, kinacheza tu hewani, usiseme imekufa, ni kwamba kemu (shafti yenye vinundu inayoisukuma hiyo pampu) imesimama juu, zungusha injini kidogo kwa selfu kisha jaribu tena. Ukimaliza chujio nenda kwenye injekta pampu, kuna skrubu ndogo ubavuni na nyingine juu, anza na ya ubavuni umalizie ya juu, kwa namna ile ile ya kusubiri povu liishe. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli zote tatu (zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda), mzunguko mmoja tu inatosha, weka liva ya mafuta mwisho, piga selfu mpaka dizeli itoke pale kwenye nati, kaza, piga tena. Inawaka.

Kama upepo unarudi kila siku asubuhi basi kuna sehemu inavuta hewa. Mara nyingi ni washa (pete) za shaba zilizotumika mara kumi zimeshakuwa ngumu, au mpira wa kikombe cha chujio uliwekwa umejikunja. Sehemu inayovuta hewa sio lazima ivuje dizeli, ndo maana watu hawaioni.

Nne, chujio limeziba. Tano, diafragmu (ule utando wa ndani) ya fidi pampu imepasuka, ukipampu dizeli inakuja kwa unyonge au haiji kabisa. Sita na ya mwisho ni injekta pampu yenyewe.

Hapo kwenye injekta pampu ndo unasimama. Ile pampu ya aina ya CAV iliyoko kwenye hizi trekta inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, haina oil yake, kwa hiyo dizeli yenye maji au iliyochanganywa na mafuta ya taa inaisaga taratibu. Ndani kuna vitu vimechongwa kwa vipimo vidogo mno na bila mashine ya kupimia huwezi kuirudisha sawa. Ipeleke kwa watu wa pampu, usiifungue juu ya meza ya chakula.

ONYO: usiweke kidole wala kiganja mbele ya bomba la nozeli lililolegea au nozeli inayopulizia nje. Ile presha inapenyeza dizeli ndani ya ngozi, unaona kidoa kidogo kama umechomwa sindano na hakiumi sana, ila ndani nyama inaoza. Ikikupata nenda hospitali saa hiyo hiyo, waambie ni dizeli ya presha, usisubiri ivimbe.

Selfu inazungusha kivivu, au inasema ka! basi

Mara nyingi ni vichwa vya betri. Vifungue, vikwangue ving'ae, afu fuata ile waya nene ya athi mpaka inapofungwa kwenye bodi, pale kuna rangi na kutu, pakwangue napo. Ukiwa na mita, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, na ukipiga selfu ikishuka chini ya 10 betri imechoka. Baada ya hapo ndo unafikiria bushi na kaboni za selfu.

Kama haijibu kabisa, angalia liva ya hai na loo (ya kuchagua gia za kasi au za nguvu). Hii trekta ina swichi ya usalama, liva isipokuwa nyutro selfu haipigi.

ONYO: kuna tabia ya kusimama chini pembeni ya tairi na kugusisha selfu kwa bisibisi. Achaneni nayo jamani. Ukigusisha unaruka ile swichi ya usalama, kama gia imebaki ndani trekta inawaka na kuondoka hapo hapo na wewe uko mbele ya tairi kubwa la nyuma. Watu wamekufa hivi.

Na kama injini ilikuwa inazunguka jana na leo imegoma kabisa, selfu inagonga ukuta, usilazimishe na usivute kwa trekta nyingine. Inawezekana silinda ina maji. Toa nozeli zote tatu, zungusha taratibu, maji yakiruka kwenye tundu umeokoa konrodi (chuma kinachoshika pistoni) isipinde.

Asubuhi inasumbua kuwaka, moshi mweupe

Kule Mbulumbulu mwezi wa 6 na wa 7 baridi ni kali, na hii ndo dalili nayoulizwa zaidi. Moshi mweupe uko wa aina mbili na pua yako ndo kipimo. Ukiunusa unawasha macho na unanuka dizeli, ni dizeli inaingia bila kuungua. Ukiwa hauna harufu ya dizeli, ni kama mvuke wa sufuria, hauishi hata injini ikipata moto, hayo ni maji.

Dizeli isiyoungua: kwanza angalia hita ya kwenye manifodi, lile bomba linaloingiza hewa kwenye silinda. Unashikilia swichi kama sekunde 15 mpaka 20 ndo unapiga selfu. Hita inapata moto, dizeli kidogo inadondokea pale inaungua, hewa inaingia silinda ikiwa ya moto. Wengi hawaitumii kwa sababu waya wake ulishakatika miaka hiyo, au kale kabomba kadogo kanakoipelekea dizeli kamekauka. Shika manifodi baada ya sekunde 20, ikiwa baridi kabisa basi haifanyi kazi.

Halafu selfu inayozungusha kivivu, rudi kwenye betri. Halafu tapeti (mwanya wa valvu) zilizobana, kipimo chake injini ikiwa baridi ni 0.30 mm, yani inchi 0.012, fila geji (bati jembamba la kupimia mwanya) inapita kwa kukwaruza kidogo. Halafu nozeli inakojoa badala ya kupulizia. Halafu taimingi ya pampu kama kuna mtu aliigusa. Mwisho ndo ringi za pistoni na slivu (kuta za silinda) zimeisha, kompresheni ndogo.

ONYO: ile dawa ya kupuliza ya kuwashia usiipulize ukiwa umeshawasha hita. Inalipuka ndani ya manifodi. Na hata bila hita inavunja ringi, injini ikishaizoea ni kwamba tayari imechoka na wewe unaimalizia.

Kama ni maji: injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta, washa, angalia. Mapovu yakipanda mfululizo gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Acha kulima, kila saa unayoendelea unaongeza gharama.

Moshi mweusi na haina nguvu

Dizeli nyingi hewa kidogo. Anza na chujio la hewa. Hii trekta ina lile la bakuli la oil, unafungua bakuli chini, utakuta tope zito kama uji wa ulezi. Mwaga, osha kwa dizeli, weka oil mpya mpaka kwenye alama, sio zaidi. Kipindi cha kupiga haro kwenye udongo mkavu hii kazi ni ya kila siku, sio kila mwezi.

Kama chujio ni safi, tafuta nozeli mbovu. Injini ikiwa inaunguruma polepole, weka kitambaa, vaa miwani na glavu, legeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Mlio ukibadilika, injini ikaanza kuyumba, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, kaza. Nenda ya pili, ya tatu. Ile ambayo ukilegeza hakibadiliki kitu ndo mgonjwa wako. Nozeli zote zipelekwe kupimwa kwenye mashine, unapeleka tatu pamoja sio moja, na ukirudisha weka washa mpya za shaba, hakikisha ile ya zamani haijabaki chini kwenye tundu maana ukiweka mbili nozeli inakaa juu.

Kuna mafundi wanafungulia pampu iongeze dizeli ili trekta iwe na nguvu. Moshi unakuwa mweusi, pistoni zinaungua vichwa. Hiyo skrubu yenye sili iacheni.

Inalima dakika 10 inazima, ukisubiri inawaka tena

Fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia inavuta pumzi, fuuu, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Toboa kwa sindano, kwisha. Kama sio hilo ni uchafu kwenye neti ya koki ndani ya tenki, unakaa chini, unavutwa, unaziba, ukizima unashuka. Toa koki, osha tenki.

Moshi wa bluu, inakula oil, inapumua kwenye bomba la chini

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nilijifunza kwa machozi.

Sababu za kawaida kwanza: oil imezidi alama, au oil imeingiwa na dizeli imekuwa nyepesi (nitaisema chini). Halafu gaidi za valvu zimelegea, hii unaijua kwa moshi wa bluu mwingi unapowasha tu au ukiteremka mlima ukiwa umeachia mafuta, afu unapungua. Halafu ringi na slivu, hapo moshi unafuata mzigo, ukiongeza mafuta unaongezeka, na ukifungua mfuniko wa oil unaona injini inapumua moshi kwa mapigo.

Mimi yangu ilikuwa ringi na slivu. Niliivunja, nikaweka slivu mpya, pistoni mpya, ringi mpya, kranki (shafti kuu ya injini) ikachongwa Arusha, nikaifunga vizuri kabisa na nilijivunia. Nimelima msimu mmoja tu. Ikaanza moshi wa bluu tena. Nikalaumu ringi, nikasema nimeuziwa feki. Nikaivunja tena, slivu zilikuwa zimeliwa juu kama zimefanya kazi miaka 10.

Aliyeona ni kijana anayenisaidia. Alitoa ule mpira mnene unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye manifodi ili aufute, akanionyesha, "Mzee, hebu pitisha kidole humu ndani." Nikapitisha, kidole kikatoka chekundu, vumbi laini kama unga wa sembe uliochanganywa na pilipili. Tukaupindisha mpira, chini ya klipu, upande usioonekana, kulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Injini yote mpya ilikuwa inavuta vumbi la Karatu kupitia pale, chujio safi kabisa halina kazi yoyote. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu kasoro mpira wa bei ndogo kuliko vyote.

Kwa hiyo kabla hujasema ringi, toa huo mpira, pitisha kidole ndani kwenye manifodi. Kikitoka na vumbi umeshajua kilichoua injini, na ukiivunja bila kubadilisha mpira na klipu unafanya kazi bure.

Oil inapanda badala ya kushuka

Chomoa dipstiki uinuse. Ikinuka dizeli na ni nyepesi kama maji: mara nyingi diafragmu ya fidi pampu imepasuka, dizeli inashukia kwenye sampu (bakuli la oil chini ya injini). Mara chache ni sili ya shafti ya injekta pampu. Ikiwa nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa: maji, gasketi ya hedi au ufa.

ONYO: usiiwashe ikiwa oil imezidi namna hiyo. Injini inaweza kuanza kujilisha oil yake yenyewe, inapiga kelele inapanda spidi na kitufe cha kuzimia hakifanyi kitu. Ikitokea, ziba hewa inapoingilia kwa ubao au kitu kigumu, kamwe sio mkono. Kama uko juu ya kiti, kanyaga breki zote, weka gia kubwa, achia klachi ife kwa kulazimishwa. Kama huwezi kimojawapo, ondoka karibu nayo.

Inachemsha

Maji, fani belti iliyolegea, majani na mbegu zilizoziba rejeta kwa nje upande wa mbele. Hizo tatu ndo karibu zote. Puliza rejeta kutoka upande wa feni kwenda mbele, ukipuliza kutoka mbele unazidi kushindilia. Halafu themostati imegoma kufunguka, ichemshe kwenye sufuria uone kama inafunguka, mbovu nunua nyingine. Usiitoe ukaacha wazi kwa kudhani unasaidia, injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakula slivu na inachafua oil. Halafu pampu ya maji, halafu kutu ndani ya bloku, halafu gasketi.

Usifungue mfuniko ikiwa ya moto, na usimwagie maji ya baridi injini iliyochemka, hedi inapasuka hapo hapo ukiangalia. Iache ipoe yenyewe hata kama shamba linakungoja.

Geji ya oil imeshuka, au kuna kitu kinagonga

Zima. Sio umalize mstari, zima hapo.

Oil ipo? Ni nyepesi? Kama iko sawa, funga geji nyingine ya mkono upime, maana geji za zamani zinadanganya. Ikiwa ya moto na iko kwenye spidi ya kazi unataka psi 30 kwenda juu. Ikiwa chini ya hapo na oil ni nzuri, beringi za kranki zimeisha au pampu ya oil.

Kugonga nako kuna namna ya kutafuta chanzo chake. Fanya hivi tu kama presha ya oil iko sawa. Legeza nati za nozeli moja moja kama nilivosema juu. Ukifika silinda ambayo ukilegeza mlio unapungua, toa nozeli yake uibadilishane na ya jirani. Mlio ukihamia kwa jirani, ni nozeli. Ukibaki pale pale, ni chini: beringi ya konrodi au pini ya pistoni. Hapo hakuna kuwasha tena hata kuisogeza uani, isukumwe. Konrodi ikikatika inatoka ubavuni mwa bloku na bloku ndo injini yenyewe.

Ukishaamua kweli kuivunja

Jambo la kwanza ni usalama: trekta hii haina chesisi. Injini ndo imeshika mbele na nyuma. Ukiitoa, trekta inagawanyika vipande, na upande wa mbele unaweza kulala ubavu maana ekseli ya mbele inacheza kwenye pini. Gongea kabari za mbao pande zote mbili za hiyo ekseli, weka magogo au stendi imara chini ya gia boksi, sio jeki peke yake na sio matofali. Kama huna cheni bloku na watu wa kukusaidia, hii hatua mwite fundi.

Kazi ya nyumbani ni kufungua, kuosha, kupanga, kufunga. Kazi ya karakana ya kuchonga ni: kupima na kuchonga kranki, kutoa na kusukuma slivu, kupima hedi kama imenyooka na haina ufa katikati ya valvu. Slivu za injini hii ni kavu, hazigusani na maji, zinaingia kwa kubana, ukigonga kwa nyundo na ubao unazipasua. Na usinunue beringi kabla kranki haijapimwa, kwa sababu ikichongwa inchi 0.010 beringi ni za 0.010, ikichongwa 0.020 ni za 0.020. Nimeona mtu kanunua za standadi kwa kuwa zilikuwa bei nzuri, hazikumsaidia chochote.

Piga alama kila konrodi na kofia yake kabla hujalegeza, kofia hazibadilishani wala hazigeuzwi. Gia za taimingi zipige alama za rangi kabla hujazitoa, zote, na piga picha na simu. Matundu ya oil kwenye kranki na bloku yapitishe waya wa brashi na dizeli safi kisha upulize kwa kompresa, kila moja, maana ule unga wa chuma wa kuchonga umejificha humo na dakika ya kwanza ya kuwasha unakwenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. Mimi natandika shuka nyeupe ya zamani chini, nikiona punje nyeusi juu ya shuka najua sijamaliza kuosha.

Kila ringi iingize peke yake ndani ya slivu yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila geji ulinganishe na kitabu. Mianya ya ringi isikae mstari mmoja. Sili ya nyuma ya kranki kwenye nyingi za zamani ni ya kamba, iloweke oil, ishindilie vizuri, ikate ibaki juu kidogo, usipokuwa na subira hapo utavuja oil kwenye klachi.

Hedi inakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua tatu, kwa toki renchi na kwa kipimo cha kitabu cha injini yako kulingana na namba iliyopigwa kwenye bloku. Sio kwa mkono wa fundi hata awe na uzoefu gani.

Siku ya kuwasha, jaza oil na maji, vuta kitufe cha kuzimia, piga selfu kwa vipindi vifupi mpaka geji ya oil ipande. Ndo unarudisha kitufe unawasha. Usiiache inaunguruma polepole masaa mengi kwa kuionea huruma, slivu zinang'aa kama kioo na ringi hazikai, mwisho inakula oil maisha yake yote. Ipe moto, angalia mivujo, zima, kaza hedi tena kwa utaratibu wa kitabu, pima tapeti upya, kisha ipe kazi nyepesi, trela nusu, haro kwenye udongo laini, kwa masaa kama 25 hivi. Mwaga hiyo oil ya kwanza na chujio lake. Iangalie kwenye jua kabla ya kuitupa, vumbi la fedha kidogo ni kawaida, vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha sio kawaida, ukiviona toa sampu uangalie beringi kabla hujafunga plau.